Datsun ya marehemu baba, magadi na mafuta ya sifa

Kwa muda wa miaka kumi na mbili kuku wa mama walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Datsun 1200 ya marehemu baba ilikaa chini ya mwembe hapa kwetu Vitongoji, Pemba, juu ya mawe, vioo vimeota ukungu, majani ya mwembe yamejazana pale chini ya kioo cha mbele mpaka yakawa udongo. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara mbili. Mara ya pili walikuja na mizani kabisa. Mama alinitizama asiseme kitu, mimi nikasema haiuzwi.

Sasa inatembea. Imenichukua miezi kumi na nne na shilingi 1,340,000, kila senti nimeiandika kwenye daftari la skuli lenye jalada la kijani. Mimi nasomesha kemia sekondari, kwa hivyo pesa ilikuwa ikitoka kidogo kidogo, mwezi huu laki, mwezi ujao elfu hamsini, na mwezi wa Ramadhani haikutoka hata moja. Naandika haya kwa sababu watu wananisimamisha njiani kuuliza, na wengi wana gari ya babu au ya ami imelala uani, na karibu wote wanaanza kwa kuniuliza rangi nimepiga kwa bei gani. Rangi sijapiga. Nitaifikia.

Mafundi watatu walinipa shauri moja: toa hiyo injini, tia ya Toyota Starlet, utapumzika. Nawaheshimu, lakini nilikataa na bado nakataa. Injini ya Datsun hii inaitwa A12, silinda nne, ujazo wa sentimita mchemraba 1,171, ina kabureta ya kuchanganya petroli na hewa na pointi za kukatia umeme wa plagi, haina kompyuta wala sensa. Ukifungua boneti unaiona ardhi pembeni mwa injini. Mkono wangu unafika kila mahali. Kila kitu mle kinafunguka, kinasafishwa, kinarudishwa, na kusafisha ni bure. Nikitia injini nyengine nitahitaji vishikizi vipya, waya mpya, rejeta nyengine, na kila siku itakayokorofisha nitamwita mtu. Mwenye pesa kidogo na muda mwingi gari hii ndiyo yake. Na vipuri havijapotea kama watu wanavyodhani: Nissan waliacha kutengeneza saluni hii zamani, lakini pikapu yake iliendelea kutengenezwa Afrika Kusini mpaka 2008, na injini za ukoo huu ziliingia kwenye gari nyingi.

Sikufanya peke yangu. Kuna mzee mmoja jirani, fundi wa zamani, macho yake sasa hayaoni karibu. Nilimwendea nikamwambia, "Shikamoo mzee, nataka uje unielekeze, mikono ni yangu." Akaja na kigoda chake. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa masikio, mimi mikono.

Injini ilikuwa imekamata, haizunguki. Tulifungua plagi nne, tukamimina kwenye kila tundu dizeli iliyochanganywa na oili ya gia boksi, tukafunika kwa matambara, tukaiacha siku tisa. Kila jioni nikirudi skuli naongeza kidogo, kisha natia spana kwenye boliti kubwa ya mbele ya krenki, ule mhimili wa injini, na kujaribu upande huu na upande huu. Siku ya tano nilichukua bomba refu nikaliingiza kwenye spana nipate nguvu zaidi. Mzee akalisikia tu lile bomba likigonga, akasema, "Usiilazimishe, mwanangu. Iombe." Nikaliweka chini. Siku ya tisa ilisogea kiasi cha upana wa ukucha. Nusu saa baadaye ilizunguka mzunguko mzima, na zile plagi hazipo, ikatema dizeli nyeusi mpaka kwenye kanzu ya mzee.

Sasa kutu, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipookoa pesa nyingi kuliko pote.

Pemba tuna mvua na tuna chumvi ya bahari, na chuma kikikaa hakina haja ya kuambiwa. Madramu ya breki, yote manne, yalikuwa mekundu na yamevimba kama mkate wa kumimina. Kununua mengine sikuwa na uwezo. Nikachukua beseni kubwa la plastiki, nikatia maji lita ishirini na vijiko vikubwa kumi vya magadi, haya haya tunayopikia maharagwe. Dramu nikalining'iniza katikati ya maji kwa waya, nikaunga kwenye upande hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Upande chanya nikaunga vipande vya nondo kuukuu, nikavisimamisha kandokando visiguse dramu. Ukiwasha, viputo vidogo vinaanza kupanda kutoka kwenye dramu lote, vinatoa sauti nyembamba kama mafuta yanayoanza kupata moto. Ile ni haidrojeni, na haidrojeni inaripuka, kwa hivyo kazi hii ni ya uani, upepo unapita, mbali na jiko la mkaa na mbali na mvuta sigara. Zima chaja kabla hujatia mkono.

Niliwasha asubuhi. Baada ya Alasiri maji yalikuwa rangi ya matope, povu jekundu limeelea juu, nondo zimeliwa zimekuwa nyembamba. Dramu nilipolitoa na kulisugua kwa brashi ya waya, kutu ilitoka kama ganda la yai la kuchemsha, na chini yake kuna chuma cheusi kizima, mpaka herufi zilizochorwa kiwandani zinasomeka. Nililikausha pale pale juani nikalipaka oili upande wa nje, maana ukilala nalo hivyo hivyo asubuhi limeshapata wekundu mpya. Jumamosi ya pili wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu walikuja kuona, na sijapata kusomesha elektrolisisi, yaani kazi hii ya umeme ndani ya maji, ikaeleweka kwa wepesi ule.

Mambo matatu msiyapuuze. Nondo isiwe ya stenlesi, ile inaachia kromiamu yenye sumu kwenye maji. Usitie kitu chochote cha aluminiamu, magadi yatakila. Na springi za breki usizitie, kwa sababu haidrojeni inaingia ndani ya chuma kigumu cha namna ile na kukifanya kivunjike ghafla. Springi nilisugua kwa mkono.

Kabureta, kwa sababu ya ile aluminiamu, haikuingia kwenye beseni. Ile niliifungua juu ya meza ya chakula, juu ya kitambaa cheupe ili kiskurubu kikianguka kionekane, na kila hatua nikaipiga picha kwa simu. Petroli ya zamani ilikuwa imeganda ndani ikawa kama gundi ya rangi ya asali, inanuka vibaya. Mswaki mkuukuu na petroli safi vikatoa karibu yote. Yalibaki matundu ya jeti, yale ya kupitishia petroli, ambayo ni madogo kama ya sindano. Mtu akaniletea waya mwembamba wa shaba nizibulie, mzee akakataa: waya unapanua tundu, na tundu likipanuka kwa unywele tu gari inakunywa petroli maisha yake yote. "Tafuta mshipi," akasema. Mshipi wa kuvulia, mwembamba kabisa, wa nailoni. Mdogo wangu anavua, akanikatia shibiri moja. Ulipita kwenye jeti zote, ukasukuma nje kitu kama punje ya mchanga kutoka jeti kuu. Punje ile nimeihifadhi ndani ya kichupa. Seti mpya ya gasketi elfu thelathini na tano, na kabureta ikafungwa.

Nilipoumia ni kwenye bodi. Nilimpelekea fundi mmoja sakafu ya upande wa dereva, nikamlipa laki na nusu, akanirudishia sakafu nyororo imepakwa rangi nyeusi, nikashukuru sana. Wiki tatu baadaye nilikuwa nimekaa kwenye kiti najaribu klachi, kisigino kikapenya. Alikuwa ametandika nyuzi za faiba na puti juu ya kutu ile ile, hakukata kitu. Nilikaa ndani ya gari nikalia, sisemi uongo, kwa sababu laki na nusu ile ilikuwa miezi miwili ya kujibana, na kwa sababu mtu anayekuuzia sakafu ya puti anajua kwamba juu yake watakaa watu. Anayepeleka gari kwa fundi wa bodi akaombe kuona tundu kabla halijazibwa. Fundi wa kweli hakasiriki. Wa pili niliyempata alinionyesha mwenyewe: alikata mpaka akafika kwenye chuma kinacholia ukikigonga, akapima, akakata viraka kutoka kwenye pipa la oili nililolinunua elfu ishirini na tano, akachomelea kandokando yote. Pipa moja limetosha sakafu, vizingiti vya milango yote miwili na pahala pa betri. Lililobaki nimewaezekea kuku banda lao.

Kuzuia kutu isirudi ndani ya vile vizingiti, ambamo mkono hauingii, ndipo mjomba wangu alipokuja na shauri lake. Yeye ni fundi wa vyombo, ameunda ngalawa na mashua tangu kijana. Akauliza mbona nahangaika, chombo kinalala baharini mwaka mzima na misumari yake ya chuma haifi. Akaniletea dumu la sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mbao za jahazi juu ya mstari wa maji. Tuliyapasha moto kidogo yawe mepesi, tukayamimina kwa mpira kupitia matundu ya chini ya mlango, tukayaacha yatambae kwenye kila kiungo mpaka yakaanza kutona upande wa pili. Kwanza nilizibua matundu ya kutolea maji, yalikuwa yamezibwa na majani ya mwembe na hayo ndiyo yaliyoiua ile sakafu. Harufu ya sifa ilidumu mwezi na nusu, na paka wa mtaa mzima walihamia uani kwetu. Nitayatia tena kila mwaka kabla ya masika.

Tairi zilikuwa jambo jepesi. Datsun hii inavaa rimu za inchi 12, na tairi za inchi hiyo zipo kwa sababu ya Suzuki Carry, hizi wanazoziita kirikuu. Nne zilizotumika lakini nzima, laki na themanini.

Breki ndipo sikubana hata kidogo. Raba zote mpya, silinda za magurudumu mpya, mabomba mapya, maji ya breki mapya, jumla 210,000. Kaka yangu alivizungukia Gerezani, Dar es Salaam, Jumamosi mbili. Mara ya kwanza alileta silinda za saizi nyengine, zikarudi na boti ile ile. Saizi imeandikwa kwenye chuma cha silinda yenyewe, ningeisugua mapema na kumpigia picha ningemwondolea safari. Mabonde na vilima vya Pemba si vya kujaribia breki za kubahatisha.

Siku ya kuwasha ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Machi, mawingu ya masika yameshaanza kujikusanya. Tangi lilikuwa bado halijasafishwa, kwa hivyo tulitundika chupa ya petroli kwenye boneti na kushusha mpira mpaka kwenye pampu. Pointi nilikuwa nimezisugua na kuziacha nafasi ya nusu milimita kwa fila geji. Nikazungusha ufunguo. Ikapiga mshindo, moto ukarudi kwa kabureta, kuku wakaruka. Mara ya pili vile vile. Nilitetemeka, nikadhani nimeiharibu. Mzee alikuwa amefumba macho. Akaniuliza, "Waya za plagi umezipanga kufuata saa?" Nikasema ndiyo. "Kigawa umeme cha hii kinazunguka kinyume cha saa. Namba mbili na namba tatu zimebadilishana." Mpango wa silinda kuwaka ni 1, 3, 4, 2, nilikuwa nimeujua kwa moyo, lakini waya nimezipanga kwa kuzunguka upande usio wake. Nikabadilisha zile waya mbili.

Ikawaka. Kwanza kwa silinda tatu, inatikisika yote, moshi mweupe umefunika mwembe, kisha ya nne ikaingia na sauti ikatulia. Mama alitoka jikoni mikono ina unga. Alisimama pale mlangoni mpaka nilipozima, akasema, "Ndiyo yenyewe." Baba alikuwa akiisikiliza hivyo hivyo alfajiri, msimu wa karafuu, kabla hajapakia magunia.

Safari ya kwanza ya barabarani nilimchukua mzee kiti cha mbele, tukatoka Vitongoji tukapita Wawi, harufu ya makonyo kutoka kiwanda cha mafuta ya karafuu ikaingia dirishani, mpaka Gombani na kurudi. Njia nzima hakusema kitu. Tulipofika akasema valvu zinagonga kidogo, tuzipime injini ikiwa ya moto. Tulizipima jioni ile ile, zikawekwa nafasi ya milimita 0.35, kugonga kukaisha.

Bado kuna kazi. Geji ya petroli haisemi kweli, nachovya kijiti. Mlango wa kushoto unafungwa kwa nguvu. Rangi itasubiri mpaka masika mawili yapite nione kama kutu itachungulia pahala, sitaki kupaka juu ya kitu nisichokijua. Kinachonisumbua zaidi sasa ni mpira wa kioo cha mbele, umepasuka kona ya juu, na mvua ikinyesha maji yanashuka taratibu mpaka kwenye ile sakafu mpya. Nimeweka taulo. Kaka ameshaupata, anaupakia kwenye boti ya Alhamisi, nami nitakwenda Mkoani kuupokea kwa gari yenyewe.