Hereni Zimerudi

Jumapili, usiku

Bahasha imerudi. Ndani yake mna hereni zile zile nilizozifunga kwa karatasi laini wiki mbili zilizopita, bado zimechomekwa kwenye kadi yake, hata ndoano hazijaguswa. Mteja ameandika mstari mmoja nyuma ya risiti: "Ni nzuri, ila nilitegemea kubwa." Hakutukana. Afadhali angetukana kidogo, ningepata wa kumnunia.

Nikachukua rula. Duara la shaba lina milimita 14. Nikafungua duka langu kwenye simu, nikaitafuta picha aliyoiona yeye. Duara limejaa skrini nzima kama sahani. Hakuna sikio, hakuna kidole, hakuna cha kulinganishia. Hizo milimita 14 sikuziandika popote. Nilichoandika ni aya tatu za jioni nilipozifua: mvua inanyesha, nyundo inanituliza moyo. Nilizisoma kwa sauti, nikaona aibu kama mtu anayesikilizishwa sauti yake iliyorekodiwa.

Shangazi alikuwa amekaa pembeni, ananisikiliza. Akanyoosha mkono. "Hebu lete hiyo simu. Nataka kumnunulia mkufu binti wa rafiki yangu. Wewe kaa kimya."

Kukaa kimya kulinishinda kuliko kulehemu kiungo chembamba. Kwanza akavaa miwani, kisha akaivua, akaisogeza simu mbali, maana maandishi yangu ni ya kijivu juu ya rangi ya maziwa. Nilipoyachagua niliona yana utulivu. Kisha akakwama kabisa kwenye ukurasa wa mwanzo.

"Mikufu iko wapi hapa? Naona Pumzi, naona Machweo. Pumzi ndiyo nini, mwanangu?"

Pumzi ni mkusanyo wangu wa kwanza. Majina yale niliyatafuta mwezi mzima. Hakuna anayeyajua isipokuwa mimi na ukuta wa chumba changu cha kazi.

Alipoufikia mkufu, maswali yakaja mfululizo, na yote aliyauliza kwa mikono. Akagusa chini ya koo: "Unaishia hapa?" Akagusa kifua: "Au hapa?" Akapima kitu kisichokuwepo kiganjani: "Mzito?" Akasugua kidole gumba na cha shahada: "Dhahabu kweli hii, au umepaka?" Ukurasa wangu haukujibu hata moja. Kuhusu mvua, hapo ungepata majibu ya kutosha.

Hilo la dhahabu ndilo lililoninyima usingizi. Niliandika "mkufu wa dhahabu". Si wa dhahabu. Ni shaba ya njano iliyochovywa dhahabu, na tabaka la kuchovya linaweza kuwa jembamba sana, mara nyingine halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Jasho, manukato na kusuguana na nguo vinalila taratibu mpaka shaba inachungulia. Sikukusudia kumdanganya mtu. Nilitaja rangi, mnunuzi akasoma madini, na hela anayolipa analipia alichokisoma.

Alhamisi

Siku nne sijagusa koleo. Nafanya kazi ya karani.

Nimeanza na madini, kipande kimoja baada ya kingine. Sasa yameandikwa: "Shaba ya njano, imechovywa dhahabu. Vua kabla ya kuoga. Rangi itapungua kadiri unavyoivaa." Sentensi ya mwisho niliifuta mara mbili nikairudisha mara mbili. Inatisha kuiandika chini ya kitu unachotaka kinunuliwe. Lakini atakayenunua baada ya kuisoma hatanirudishia bahasha.

Fedha nayo inataka maelezo yake. Muhuri wa 925 maana yake ni sehemu 925 za fedha safi katika kila 1000, na zilizobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu inayoipa ugumu, kwa kuwa fedha tupu ni laini, hujipinda ovyo. Watu huniandikia kwamba pete imeweka weusi, kwa hiyo ni bandia. Hapana. Salfa iliyo hewani hushikana na fedha ikafanya utando mweusi, na kitambaa laini kinautoa. Swali hili nimelijibu kwenye ujumbe hata sikumbuki mara ngapi, na sikuwahi kuwaza kwamba jibu lake lingekaa ukurasani moja kwa moja.

Kulikuwa pia na maneno "haziwashi masikio", niliyoyabandika kwenye kila hereni kama stempu. Nimeyafuta yote. Mzio wa madini mara nyingi huletwa na nikeli, na Umoja wa Ulaya una kanuni inayoweka kikomo cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye hereni na kugusa ngozi. Mimi nilikuwa nikinunua ndoano kwa uzuri wa umbo tu. Nimemwandikia anayeniuzia waya aniambie kwa maandishi kuna nini ndani yake. Mpaka ajibu, naandika madini ninayoyajua, nisiyoyajua sisemi neno. Kwa wenye masikio korofi nitaweka ndoano za titani, madini ambayo ni nadra kuwasha ngozi, wachague wenyewe.

Jumamosi

Pete. Nilitamani nisiuze pete kabisa.

Wamarekani wanapima kwa namba, Waingereza kwa herufi, na sehemu kubwa ya Ulaya inahesabu mzunguko wa ndani kwa milimita. Mimi niliandika "saizi 7" nikadhani nimemaliza. Hiyo 7 ni ya Marekani, kipenyo cha ndani cha kama milimita 17.3, mzunguko wa kama 54. Aliyezoea milimita akisoma 7 ataona nimechanganyikiwa. Na kati ya namba moja na inayofuata kipenyo hakiongezeki hata milimita nzima, kwa hiyo ukikosea kidogo pete hukwama kwenye kifundo au huanguka ukinawa mikono.

Kipenyo na mzunguko sasa viko mbele, namba ya Marekani imefuata nyuma. Nimeeleza pia namna ya kupima: chukua pete inayokutosha, weka rula katikati yake, soma upana wa tundu, siyo wa nje. Uzi nimewakataza. Uzi hunyumbuka, na kila mtu huukaza kivyake. Nimewaomba wapime jioni wakiwa na joto la kawaida, maana kidole chenye baridi husinyaa. Shangazi alipima chake asubuhi na jioni kunihakiki, akapata tofauti, akaniambia nimeanza kupata akili.

Mikufu ilikuwa rahisi. Nimepiga picha mikufu ya sentimita 40, 45 na 60 kwenye shingo moja, kwa umbali uleule wa kamera. Ya 40 inalala juu ya mtulinga, ya 45 inashuka chini yake kidogo, ya 60 inafika kifuani. Mwenye shingo nene ataongeza, na hilo nimeliandika.

Jumanne

Picha zimenitoa jasho, lakini humu ndimo nilimojifunza zaidi.

Kwanza nilizima taa. Siku zote nilipiga nikiwa na dirisha upande mmoja na taa ya mezani upande wa pili, halafu nikajiuliza kwa nini fedha yangu nusu ni ya buluu na nusu ya njano. Mwanga mmoja tu, wa dirishani, jua lisipoingia moja kwa moja, na kadi nyeupe upande wa pili irudishe mwanga kwenye kivuli. Pili, karatasi nyeupe nyuma ya kitu huifanya kamera idhani kuna mwanga mwingi mno, ikapunguza, na karatasi ikatoka ya kijivu kama siku ya mawingu. Dawa yake ni kugusa kitu kwenye skrini kisha kuongeza mwanga kidogo kabla ya kupiga. Miaka mitatu nimekuwa nikirekebisha ukijivu ule kwenye programu, picha moja moja.

Halafu kuna mng'ao. Kitu kilichosuguliwa ni kioo. Kuza picha ya zamani ya bangili yangu pana ya fedha utaniona humo: nimeinama na simu, blauzi nyekundu, mdomo wazi. Imekaa dukani hivyo tangu siku ya kwanza. Sasa navaa shati jeupe, na nimetoboa kadi nyeupe tundu la kamera ili bangili ionyeshe kadi, isinionyeshe mimi.

Kila bidhaa itakuwa na picha iliyovaliwa, ya nyuma inayoonyesha kishikizo, na moja pembeni ya rula. Ya rula haina urembo wowote lakini ndiyo naiamini zaidi. Kwenye vito vya mawe ya asili naandika kama kilichoko pichani ndicho kitakachotumwa au ni ndugu yake, kwa sababu hakuna mawe mawili yenye mistari sawa. Picha zenyewe nimezipunguza mpaka upana wa pikseli 1600, zikashuka kutoka megabaiti tano hadi kilobaiti mia mbili na kitu. Ukurasa sasa unafunguka kabla mtu hajakata tamaa.

Mengine yalikuwa ya dakika chache. Maandishi ni meusi. Kitufe cha kununua kimepanda juu, hadithi imeshuka chini na kubaki mistari minne. Mvua imebaki, nyundo nimeitoa. Juu pameandikwa Mikufu, Hereni, Pete, Bangili, na Pumzi imekuwa jina dogo chini ya picha. Iliniuma. Muda wa kurudisha bidhaa, na nani analipa usafiri, sasa uko palepale penye kitufe.

Nilishauriwa niweke saa inayohesabu kurudi nyuma, na maneno "watu tisa wanaitazama bidhaa hii". Sina watu tisa. Siweki.

Ijumaa

Zile hereni zilizorudi nimezipandisha upya jioni hii. Milimita 14, gramu zake, madini yake, picha pembeni ya rula, picha sikioni. Sikio ni langu, maana saa ile sikuwa na mwingine wa kumwomba.

Nusu saa baadaye Shangazi akatuma ujumbe: "Sasa nimeona ni ndogo. Na hilo sikio nalijua, lina vumbi la kazi."

Nimekuza picha. Ni kweli, poda ya kusugulia imeganda kwenye ncha ya sikio. Kesho mwanga ukiingia nitanawa nipige upya.