Siku ya fundi wa mifereji, Mji wa Kale Lamu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Mkoba naupanga mwenyewe, simwachii kijana. Spana mbili za paipu, wosha za kila saizi, tepu nyeupe ya uzi, boya jipya la tangi, mashine ya kuchomea paipu za plastiki za PPR, tochi, penseli, fito ndefu iliyokauka, na pakiti ya rangi ya biriani. Hiyo ya mwisho humchekesha kila mtu mpaka aone kazi yake.

Paipu za PPR huja urefu wa mita 4. Kwenye vichochoro vya mtaa wa Mkomani, ukikunja kona na mzigo huo ukakutana na punda wa mchanga, mmoja wenu hana budi arudi nyuma, na punda harudi. Tumezikata katikati kabla ya kutoka. Chai, mahamri na mbaazi, tukashika njia.

Saa mbili

Nyumba ya gorofa, ya mawe, daka lake bado zima. Bi mwenye nyumba ana umri wa mama yangu. "Karibu mwanangu, njoo uone balaa langu." Balaa lenyewe ni doa kubwa la maji kwenye dari ya chumba cha chini. Alishakuja fundi mwingine akasiriba saruji na kupaka rangi juu yake. Doa likatulia muda kidogo, kisha likatoka pembeni ya saruji, kubwa zaidi.

Nyumba hizi zilizoufanya mji wetu uingizwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 hazijengwi kama nyumba za matofali. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Dari ni boriti za mikoko, juu yake mawe bapa, juu ya mawe sakafu nene ya chokaa. Maji yakipenya huko juu hayashuki moja kwa moja. Yanatambaa baina ya mawe, yanapata boriti, yanaifuata, na yanadondokea mbali na yalipoingilia. Ndiyo maana fundi anayepiga nyundo palepale penye doa simwelewi. Na pabaya zaidi si pale unapopaona. Ncha ya boriti iliyozama ukutani hulowa ikaoza bila mtu kujua, na hiyo ndiyo inayobeba chumba.

Kwa hiyo kwanza nauliza. Doa linalowa mvua ikinyesha? Basi twende paani. Linalowa wakati wote, masika na kiangazi? Basi ni paipu yenye maji ya kusukuma. Linalowa siku fulani na kukauka siku fulani? Basi mara nyingi ni maji machafu, ya kuogea au ya kufulia, kwa sababu paipu hizo huwa na maji pale tu zinapotumika.

Bi akafikiri. "Huiva Ijumaa. Wajukuu wote huja kuoga juu kabla ya sala."

Nilitaka kucheka, maana alikuwa ameshanipa jibu. Lakini jibu la mdomo halitoshi kumvunjia mtu sakafu. Tulipanda paani. Tukafunga mfereji wa kuingizia maji kwenye tangi, tukafunga mifereji yote ya nyumba, na wasichana wakaambiwa wachote maji ya matumizi kwenye ndoo sasa hivi. Tangi jeusi halionyeshi ndani, hivyo tukatumbukiza fito mpaka chini na kutia alama ya penseli pale palipolowa. Kisha rangi ya biriani, nusu kijiko, kwenye kila sisteni ya choo. Asivute mtu flashi mpaka nirudi.

Watu wengi hukimbilia mita peke yake: funga kila kitu, tazama kama kigurudumu kidogo kinazunguka. Ni kipimo kizuri, lakini kwa nyumba yenye tangi juu kinakuambia habari za njia ya kutoka mtaani hadi tangini tu. Upande wa pili wa tangi mita haiuoni mpaka boya lifunguke, na maji ya mgao yakiwa yamekatika haioni kitu kabisa.

Saa tatu na nusu

Mtaa wa Langoni, paipu ya chuma imetoboka ndani ya ukuta. Wameifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliovutwa kwa nguvu, na kwa haki wamefanya vizuri. Huduma ya kwanza ya namna hiyo inatosha kuokoa godoro na mchele mpaka fundi afike.

Paipu za chuma kwetu zina maadui pande mbili. Ndani kutu, nje chumvi. Ukuta wa mawe ya matumbawe una chumvi yake, upepo wa bahari unaongeza, na unyevu ukigusa chuma kilichofukiwa humo, hakidumu. Nikamwambia mwenye nyumba tusifukie tena. Paipu ya PPR ipite juu ya ukuta, kwenye kona, ionekane. Alikunja uso, kwa sababu haipendezi. Kweli haipendezi. Lakini paipu unayoiona ikitoa jasho leo, huhitaji kuvunja ukuta kesho kuitafuta.

Kijana ndiye aliyechoma viungo. Mashine nyuzi 260 za Selsiasi, paipu ya milimita 20 sekunde 5, ingiza moja kwa moja, usizungushe. Wengi huzungusha wakidhani wanakaza, kumbe wanavunja kiungo wangali wanakitengeneza. Na kwenye uzi wa chuma, tepu ifuate upande wa kukazia. Ukiizungusha kinyume inajikunjua yenyewe unapofunga, kisha unamlaumu aliyekuuzia.

Saa sita

Kurudi Mkomani, kwa Bi. Fito imetoa habari: maji yameshuka upana wa vidole vitatu na hakuna aliyefungua mfereji. Choo cha juu kina maji ya rangi ya machungwa bakulini. Wosha ya sisteni imelegea, maji yanapita kimyakimya usiku na mchana.

Hapa nina neno. Watu huniita kwa sababu ya mfereji unaodondoka, kwa kuwa unawanyima usingizi. Hebu tupige hesabu. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ukichukua matone 20 kwa mililita, ni lita 4 na ushei, karibu mtungi wa lita 20 kwa siku 5. Ni hasara, lakini choo kisichopiga kelele kinaweza kumwaga mitungi kadhaa kwa siku moja, na mwenyewe analala fofofo.

Wosha mpya, dakika chache. Lakini maji hayo yalikuwa yanaenda shimoni, si kwenye dari. Kwa hiyo tukaziba tundu la bafu la juu kwa kitambaa na plastiki, tukamwaga maji ya rangi sakafuni, kina cha kidole, tukaweka alama ukutani. Bi akauliza kama rangi itaharibu bafu lake. Nikamwambia ikibaki atapikia wali.

Adhuhuri, wali wa nazi, juisi ya ukwaju.

Saa nane

Mashua hadi Shela, nyumba ya wageni. Tangi linamwaga usiku, boya limekwama kwa chumvi. Kubadilisha ni kazi ndogo. Kilichonikera ni paipu ya kumwagia ziada: imeishia palepale paani, kwa hiyo tangi likijaa kupita kiasi maji yanalala juu ya sakafu ya chokaa na kunywewa polepole na nyumba nzima. Mimi huirefusha itokeze kichochoroni, juu ya njia ya watu. Mpita njia akilowa kanzu atapiga kelele, na hiyo ndiyo kengele ya bei nafuu kuliko zote. Meneja hakuipenda hoja hiyo. Tukakubaliana itokeze bustanini, chini ya dirisha lake.

Shela hasa ndiko mahali pa kuona uchungu wa maji yanayopotea. Maji ya mji yanatoka kwenye visima vya huku, mvua inayozama katika matuta ya mchanga na kukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi kuliko hayo. Yakivutwa kupita kiasi, ya chumvi hupanda.

Saa kumi na moja

Bi alikuwa ananingoja mlangoni na miwani mkononi. Kwenye boriti ya tatu, rangi ya machungwa. Juu, maji ya bafu yamepungua chini ya alama. Tulipokaa na tochi tukauona mwanya, baina ya sakafu na ukuta, upande wa pili kabisa wa bafu, mahali ambapo hakuna mtu angepatazama. Boriti iliyapeleka maji yale zaidi ya pima moja kutoka yalipoingilia.

Kwa sasa bafu la juu limefungwa. Mwanya tutaukwangua na kuuziba upya. Paipu ya kutolea maji machafu nitaipima kivyake, kwa sababu mwanya mmoja haumaanishi hakuna wa pili. Ile saruji ya dari nimeomba iondolewe yote. Saruji inafunga unyevu ndani ya mawe, chokaa inauacha utoke. Lakini isipakwe chokaa kesho wala keshokutwa. Dari ibaki wazi mpaka ikauke kweli, ikibidi mpaka kaskazi ianze kuvuma. Bi hakufurahi kukaa na dari uchi wageni wakija. Na ncha ya boriti aje aichokonoe fundi wa mawe kwa msumari. Ukizama kirahisi, hiyo si kazi yangu tena.

Saa tatu usiku

Simu. Mteja wa Gadeni, anapiga kelele. Maji ya mgao yamerudi, na mfereji wa jikoni ulikuwa umeachwa wazi tangu asubuhi yalipokatika. Kujaribu kuufunga kwa nguvu, kichwa kikang'oka.

"Funga geti vavu ya mwanzo, karibu na mita," nikamwambia.

"Iko wapi?"

"Nyuma ya kabati uliloliweka mwezi uliopita. Nilikuambia uache nafasi ya mkono."

Kimya kidogo, kisha sauti ya kabati likiburutwa.

"Imeganda, haizunguki!"

Geti vavu isiyoguswa mwaka mzima huganda, hasa kwa chumvi yetu. Yatosha kuifunga na kuifungua mara mbili tatu kwa mwaka. Lakini huo haukuwa wakati wa kumwambia hayo. Nikamwambia azibe kwa kitambaa, aweke ndoo, afungue na mifereji mingine ya chini inayomwaga nje ili nguvu ya maji ipungue, na nikachukua spana.