Mchapuko usiokuwepo juu ya Atlantiki

Usiku wa kuamkia leo tumevuka Atlantiki, New York hadi London, na kama kawaida yangu niliomba kiti cha dirishani. Simu ikiwa kwenye hali ya ndege, GPS yake bado hupokea mawimbi ya setilaiti, mradi uisogeze kwenye kioo. Jirani yangu alidhani napiga picha za mawingu. Gizani vile?

Kuruka kwenyewe ni kufupi mno. Sekunde 35 hivi toka injini zingurume, tulikuwa tunakaribia kilomita 290 kwa saa. Ukigawanya unapata mchapuko (yaani kiasi ambacho mwendo unaongezeka kila sekunde) wa mita 2.3 kwa sekunde mraba, hata robo ya mvutano wa dunia haufiki, ingawa mgongo unabisha.

Utamu ulianza baharini. Nililaza simu kwenye meza ya kiti, nayo ikang'ang'ania kwamba tunachapuka kwenda mbele kwa mita 0.4 kwa sekunde mraba, dakika nenda dakika rudi. Ingekuwa kweli, kila saa tungeongeza zaidi ya kilomita 5,000 kwa saa! Kumbe ndege angani huinua pua kidogo, nyuzi 2 au 3, na meza huinama nayo. Kipima mchapuko kilichomo ndani ya simu hakijui tofauti ya kuinama na kuchapuka.

GPS nayo ilikuwa na yake. Tulikuwa kwenye kilomita 910 kwa saa, baada ya kama dakika 20 ikasoma 1,060, na sauti ya injini ni ile ile. Tumeingia kwenye mkondo wa upepo mkali wa juu utokao magharibi. Ndani ya hewa hiyo ndege haijaongeza kitu. Ni hewa yenyewe inayosafiri. Februari 2020, Boeing 747 ya British Airways ilibebwa hivyo kwenye njia hii, ikapita kilomita 1,300 kwa saa ukipima kwa ardhi na kufika kwa safari ya muda usiozidi saa 5, bila kuvunja kizingiti cha sauti.

Sasa piga hesabu ya ongezeko letu: mita 0.035 kwa sekunde mraba. Mchapuko wa kweli ulikuwa mdogo mara kumi kuliko ule wa uongo, na simu haikuuona kabisa. Ndege yenyewe hulimaliza tatizo hili kwa jairoskopu za leza, vipimo vya mzunguko vinavyojua imeinama kiasi gani. Jairoskopu ya simu yangu huanza kupotoka baada ya muda mfupi tu, kwa hiyo nikirudi magharibi nitarekodi GPS peke yake na kuchora grafu, safari hiyo upepo ukiwa wa mbele.