Msalaba usio na jina

Leo jioni nimeutoa tena ule msalaba wa Mtakatifu Gregori kwenye kijisanduku chake, nimekaa nao chini ya taa na lenzi yangu, na roho imeniuma vilevile kama siku niliyoununua.

Kwa ambao hamzijui nishani hizi, hii aliianzisha Papa Gregori XVI Septemba 1831, na enzi hizo Papa alikuwa na nchi yake kabisa na jeshi lake, ndo maana ziko za aina mbili, ukiona msalaba unaning'inia kwenye shada la majani ya kijani huo ni wa raia, ukiona silaha badala ya majani ulikuwa wa askari. Wangu ni wa majani. Una ncha nane, enameli nyekundu, katikati kiduara cha bluu chenye sura ya mtakatifu kwa dhahabu, na ukisogeza lenzi unamuona njiwa pale kwenye sikio lake la kulia, kadogo kuliko punje ya mchele, yaani kuna fundi alikaa akakahangaikia kale kandege! Nyuma kumeandikwa Pro Deo et Principe, kwa ajili ya Mungu na Mtawala. Utepe mwekundu wenye kingo za njano umepauka, na una matundu mawili ya pini, kwa hiyo ulivaliwa, tena si mara moja.

Na nani? Sijui, na hapo ndo panaponiuma. Niliupata hapa Roma, Jumapili moja asubuhi pale Porta Portese, soko la vitu vikuukuu, na muuzaji akaniambia mwenyewe, wala hana wasiwasi, kwamba chini ya kitambaa cha sanduku kulikuwa na karatasi ya Kilatini imekunjwa, akaitupa maana ilishaota ukungu na karatasi hainunuliwi. Jamani. Ile ndo hati ya Papa yenyewe, ndo yenye jina na tarehe. Nyingi ya nishani hizi mtu alipewa hati, msalaba akaenda kuununua kwa sonara kwa hela yake, kwa hiyo hauna namba wala jina, hati ikipotea huna hata pa kuanzia kuuliza.

Labda inaniuma hivi kwa sababu ya babu. Alikuwa katekista miaka mingi, uzeeni parokia ikampa cheti, karatasi tu, bibi akakitia fremu kikakaa ukutani juu ya redio, mende wamekula pembe moja ila jina linasomeka mpaka leo na wajukuu wote tunalijua.

Tangu niununue huu wa Gregori sinunui msalaba mtupu usio na hati. Mwezi uliopita nimeiacha Pro Petri Sede nzuri sana, medali ya waliompigania Papa Pio IX mwaka 1860, ile yenye msalaba uliopinduliwa ndani ya pete kwa sababu Petro alisulubiwa kichwa chini, bei ilikuwa inalipika ila haikuwa na hati wala historia yoyote, nikairudisha mezani.

Huu wa Gregori siuzi. Nimechukua karatasi nikaandika siku niliyoununua, sokoni wapi, na maneno ya yule muuzaji kama alivyoyasema, nimeikunja nikaiweka chini ya kitambaa.