Siku tuliyobishana kuhusu Will Caster pale Kirumba

Mwaka 2015 hivi nilikuwa nakaa Kirumba, Mwanza, jioni nikitoka kibaruani naingia kibanda umiza kimoja cha kuonyesha muvi jirani na mwaloni, soko la samaki pale ziwani, mabenchi ya mbao, joto, harufu ya dagaa unarudi nayo home. Siku hiyo wakaweka Transcendence, ile ya Johnny Depp ya 2014, ila yetu ilikuwa imetafsiriwa, yaani jamaa mmoja anaongea sauti za watu wote, wanaume kwa wanawake.

Kwa ambaye hajaiona, Depp ni Dk. Will Caster, mtaalamu wa kompyuta, anapigwa risasi yenye sumu ya mionzi anabakiwa na kama mwezi tu wa kuishi, basi mkewe Evelyn na rafiki yao Max wanamchomeka manyaya kichwani wanaihamishia akili yake kwenye kompyuta. Will anakufa, mashine inaanza kuongea. Max anastuka, huyu siyo Will, mke anakomaa ndo yeye.

Kibanda kikachafuka. Mi nikasema hiyo kopi tu, kwani wangemhamisha afu mwili nao ukapona si wangekuwepo Will wawili, sasa mwenyewe yupi? Dogo mmoja wa bodaboda akanijibu "bro mbona sauti ni ile ile?" Tulicheka sana, maana sauti ni ya mtafsiri, hata mbwa angeongea vile vile. Ila dogo alikuwa na pointi bila kujua, akili ya mwenzio unaijua kwa anachokuonyesha tu, ndani hajaingia mtu. Hata kwenye muvi wanaiuliza mashine ithibitishe kama inajitambua, nayo inawarudishia swali hilo hilo.

Nyuma alikaa mzee mmoja muuza dagaa, kanyamaza muda wote. "Nyie mnahangaika na sauti. Will nilimkopesha ndoo za dagaa, kafa, kahamia humo. Nikienda kumdai atalipa, au atasema aliyekopa ni yule wa zamani? Akilipa ndo yeye." Akanyanyuka akasepa, muvi haijaisha.

Kesho yake nikapita kwake mwaloni kumpa ripoti.

"Shikamoo mzee. Bwana, mwishoni mke kakubali kabisa kwamba ni Will mwenyewe."

"Marahaba. Mke?" Wala hakuniangalia, anapepeta dagaa mchanga utoke. "Si ndo alikuwa anamtaka arudi? Huyo sio shahidi. Niletee anayemdai."