Picha ya maji kujaa na kupwa iliyokataa kufika: kuhesabu baiti za PutImage

Programu yenyewe ni ndogo. Inachora mstari wa maji kujaa na kupwa, ili manahodha wa hapa Lamu wanaovusha abiria kwenda Mokowe, au wanaongoja maji ya kupita mkondo wa Mkanda kuelekea Pate, wautazame kwenye skrini karibu na gati. Kompyuta ni kuukuu, ina Linux na seva ya X (programu inayochora madirisha kwenye skrini), na sikutaka kuibebesha maktaba za michoro. Niliandika mteja (programu inayoiomba seva ichore) wa itifaki ya X11 kwa C tupu: unafungua soketi /tmp/.X11-unix/X0, unasalimiana na seva, kisha kila ombi unalipanga mwenyewe baiti kwa baiti. Dirisha lilifunguka bila shida. Picha ya pikseli 640 kwa 480 ndiyo iliyogoma: dirisha tupu, makosa ya BadRequest (ombi lisilojulikana) yasiyohesabika, halafu kimya kabisa.

Ombi la kutuma picha linaitwa PutImage, namba 72. Kichwa chake kina baiti 24. Kwanza namba ya ombi, kisha aina ya picha (2 kwa ZPixmap, yaani pikseli moja baada ya nyingine), kisha urefu wa ombi zima katika baiti mbili. Zinafuata namba ya dirisha na namba ya GC (mipangilio ya kuchorea, kama rangi), baiti nne kila moja. Upana, kimo, x na y, mbili mbili. Halafu left-pad (biti za kuruka mwanzoni mwa mstari), kina cha rangi, na baiti mbili zisizotumika. Baada ya hapo ni data ya picha, ikijazwa mpaka igawanyike kwa nne. Ule urefu hauhesabiwi kwa baiti bali kwa mafungu ya baiti nne, na kichwa nacho kimo: 6 kuongeza mafungu ya data.

Makosa ya X huja baadaye, mteja akiwa ameshatuma mengine, kwa hiyo kitu cha kwanza ni kujua kosa ni la ombi lipi. Kila baada ya PutImage nilituma GetInputFocus, namba 43, ombi la baiti nne tu ambalo lazima lijibiwe. Nikisubiri jibu lake, kosa lolote la PutImage litakuwa limeshafika. Kosa huwa na baiti 32: ya kwanza ni 00, ya pili ni aina ya kosa, ya tatu na ya nne ni namba ya ombi kwa mpangilio wa kutumwa, na ya kumi na moja ni namba ya aina ya ombi. Kosa langu la kwanza, kwa heksadesimali, lilikuwa na 10 kwenye baiti ya pili na 48 kwenye ya kumi na moja. Kwa desimali ni 16 na 72, yaani BadLength (urefu usiolingana) kutoka PutImage. Yale ya BadRequest yalikuwa matokeo yake tu. Soma kosa la kwanza na uyaache yaliyobaki mpaka hilo liishe.

Hesabu ikaonyesha ugonjwa. Kila pikseli inachukua baiti nne, yaani fungu moja, kwa hiyo 640 mara 480 ni mafungu 307,200, na kichwa 6: jumla 307,206. Sehemu ya urefu ina biti 16, mwisho wake 65,535. C haikulalamika, iliandika kilichobaki baada ya kuondoa 65,536 mara nne, yaani 45,062. Seva ikasoma mafungu 45,062, ikaona upana na kimo vinadai mengi zaidi, ikatoa BadLength. Mafungu 262,144 yaliyobaki ndani ya soketi ikayachukulia kuwa maombi mapya.

Nilijaza picha nzima rangi nyeupe ili niione tabia hiyo vizuri, na nakusihi ufanye hivyo hivyo. Pikseli nyeupe ni FF FF FF 00. Seva inaisoma hivi: ombi namba 255, urefu 00FF, yaani mafungu 255. Ombi kama hilo halipo, inatoa BadRequest, inaruka pikseli 255, inakutana na nyeupe nyingine. Gawanya 262,144 kwa 255 upate makosa 1,028 na pikseli nne za mwisho. Hizo nne nazo zinaahidi mafungu 255, seva inangoja 251 yaliyobaki, na GetInputFocus inayofuata inamezwa kama sehemu ya hilo ombi la uongo. Ndiyo maana ya kile kimya. Seva haikuwa imekwama hata kidogo. Ilikuwa inasubiri baiti ilizoahidiwa. Kimya cha namna hii hutokea pia ukiandika urefu mkubwa kuliko data uliyotuma, ila hapo huoni kosa lolote kabla yake.

Dawa ni kukata picha kwa mistari. Jibu la salamu ya seva lina kiwango cha juu cha ombi kwenye baiti ya 26 na 27 (hesabu ikianza sifuri), na kwa kawaida ni 65,535. Ondoa 6, gawanya kwa 640: mistari 102. Picha yangu ikawa vipande vitano, vinne vya mistari 102 na cha mwisho 72, y ikienda 0, 102, 204, 306, 408. Urefu wa vipande vinne ni 65,286 na wa mwisho 46,086. Weka urefu kwenye kigezo cha biti 32 kwanza, ukipime, ndipo uupunguze kuwa biti 16.

Njia nyingine ni kiendelezi cha BIG-REQUESTS, nyongeza ya itifaki inayoruhusu maombi makubwa. Unakiulizia kwa QueryExtension, namba 98, kisha unakiwasha. Hapo unaandika sifuri kwenye urefu wa zamani na kuingiza baiti nne zenye urefu mpya mara tu baada yake. Fungu hilo la ziada nalo linahesabiwa: kwa picha yangu ni 307,207. Ukisahau hilo moja unarudi kwenye BadLength. Mimi nilibaki na vipande, kwa sababu mteja asiye na kiendelezi ni rahisi kukagua.

Ukaguzi wenyewe niliufanya kwa xtrace, programu inayoonyesha mazungumzo ya mteja na seva. Ukiendesha xtrace -D :9 -d :0 -k, inakaa katikati. Mteja anaunganishwa na :9 na kila ombi linaandikwa likiwa limeshafasiriwa. Ukiona baada ya PutImage maombi ambayo hukuyatuma, urefu wako umepotoka. Na kama soketi yako ni ya kutosubiri, write huweza kuchukua sehemu tu ya baiti. Zungusha mpaka ziishe zote, la sivyo mpangilio unavunjika vilevile ingawa urefu ni sahihi.

Rangi zilikuwa rahisi. Bahari ilitoka nyekundu kwa kuwa nilituma RGBA (nyekundu kwanza, bluu ya tatu), na seva yangu yenye kina cha 24 ilitaka bluu itangulie. Angalia baiti ya 30 ya jibu la salamu: 0 maana yake baiti ya chini hutangulia. Mpangilio huu ni wa seva. Herufi unayotuma kwenye salamu, l au B, inabadilisha namba za maombi tu. Data ya picha seva haiigeuzi.

Alama ya mwezi wa bamvua, pikseli 20 kwa 20 za biti moja, ilinisumbua zaidi. Biti 20 haziishii baiti tatu: seva inayotaka mistari ya biti 32 inadai baiti nne kwa kila mstari, jumla 80. Nilipozirekebisha ukatoka mraba mweusi, bila kosa. Picha ya aina 0, yaani ya biti moja kwa pikseli, huchukua rangi zake kwenye GC, na GC mpya ina 0 mbele na 1 nyuma, ambazo kwa jicho zote ni nyeusi. Ziandike mwenyewe unapoitengeneza GC.

Mwisho, usichore kabla ya Expose, tukio namba 12, ambalo seva hulituma dirisha linapohitaji kuchorwa, maana picha iliyotumwa dirisha halijaonekana hupotea bila kosa. Sasa natuma vipande vitano kwenye pixmap (picha iliyofichwa ndani ya seva) yenye kina kilekile cha dirisha, na kila Expose ikija naita CopyArea, ombi la kunakili, namba 62, baiti 28 tu. Picha yenyewe hutumwa tena pale tu jedwali la maji linapobadilika.