Siku moja gerejini Kizota, Dodoma, na Land Rover ya harusini

Saa 1 asubuhi. Nafungua mapema, maana ikishafika saa 5 chini ya bati hapakaliki. Leo nina kazi moja kubwa: Land Rover 109 ya Series III, ile ndefu, ya kijani, imepigwa polishi mpaka unaweza kujinyolea ndevu ubavuni mwake. Mwenyewe ni mzee mstaafu wa mtaa wa Kisasa, na Jumamosi anaipeleka Iringa kubeba maharusi. Barabara ni lami safi, ila ukishapita Mtera unakutana na mlima Nyang'oro. Pale si mahali pa kugundua kwamba breki zina matatizo.

Saa 2. Mzee anafika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Ukiiendesha kidogo inavuta kulia, na tairi la mbele linachemka. Ikipoa inakuwa nzima kabisa."

Ameshabadilisha breki shuu, vile vipande vinavyosugua drum kusimamisha tairi, kwa ushauri wa mafundi waliotangulia, hali ni ileile. Mimi neno "ikipoa" ndilo limenishtua. Shuu iliyokwisha haiponi kwa kupumzika.

Saa 2 na nusu. Tunapiga jeki, tunaweka stendi. Kijana wangu anakanyaga breki, anaachia. Tairi la kushoto linazunguka, la kulia limegoma. Nalegeza kwanza nati ya bomba juu, kabla mafuta hayajaingia kwenye mpira wa breki, ule unaoyapeleka kwenye tairi. Bado limegoma. Hapo masta silinda, pampu ya breki inayosukumwa na pedali, imejitetea, haina kesi. Nafungua skrubu ya kutolea upepo kule chini kwenye tairi: mafuta yanaruka kidogo, tairi linaachia. Basi presha ilikuwa imefungiwa kwenye mpira. Kwa nje mpira ni mzuri, hauna hata ufa, lakini ndani umevimba na tundu limekaribia kuziba. Nguvu za mguu zinapitisha mafuta kwenda. Springi za shuu hazina ubavu wa kuyarudisha. Breki inabaki imeshika huku mwenye gari akidhani ameachia.

Saa 4. Tunafungua drum. Kijana ameshashika mpira wa kompresa apulize, namzuia. Shuu ni mpya, sawa, lakini vumbi la zile za zamani bado limo, na breki za miaka ile nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo ikiingia mapafuni haitoki. Kitambaa chenye maji kinatosha.

109 ina silinda mbili za breki, zile zinazosukuma shuu, kwa kila tairi la mbele. Zote mbili za kulia zina vishimo vya kutu. Mafuta yenyewe meusi. Watu hunibishia kwamba Dodoma ni kukavu, unyevu utoke wapi? Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, taratibu, mwaka hadi mwaka, na masika yetu hata yakiwa mafupi yapo. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji kama asilimia 3.7, kiwango chake cha kuchemka kinaweza kushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu drum zikipata moto, maji yanageuka mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inakwenda mpaka chini bila breki.

Saa 7. Ugali wa mtama na mlenda. Hakuna maongezi ya magari.

Saa 8. Mzee karudi na boksi la raba za silinda, orijino, alizozihifadhi kabatini miaka na miaka. Anazitoa kama vito. Naibonyeza moja, ni ngumu kama kwato. Raba huzeeka hata ikiwa kwenye boksi lake.

"Lakini gari hili sijalitesa, fundi. Linatoka sikukuu na harusi tu."

Ndiyo shida yenyewe, mzee wangu. Gari linalotembea kila siku, pistoni zake za breki zinasogea. Linalolala, raba inakaa palepale na kutu inaota pembeni yake. Daladala chakavu ya hapa mjini huenda ikawa na breki nzima kuliko hili linalopigwa picha.

Saa 10. Nawapigia Kariakoo: mipira mitatu, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma, na silinda mpya. Mzigo unapanda basi usiku, alfajiri naufuata stendi ya Nanenane. Kijana namwachia kuosha mabomba kwa spiriti. Petroli marufuku, na mafuta ya stelingi, ambayo wapo wanaoyaongeza kwenye kopo la breki, ni marufuku zaidi: raba zote zinavimba, unaanza upya toka masta silinda. Kesho tukishafunga tutatoa upepo kuanzia tairi la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta.

Saa 12 jioni. Simu ya mzee.

"Fundi, si tubadilishe ule wa kulia tu? Wa kushoto mbona haujanisumbua."

"Mzee, hiyo ni mapacha."

Akacheka, akauliza jumla yake ni ngapi. Nikamtajia. Alipoanza kunipunguzia elfu tanotano nikajua mipira yote mitatu inafungwa.